Niliyoyaona kwa Kukaa Kimya: Wadudu Wawindaji wa Matambarale

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Kwanza kabisa naomba kutoa shukrani zangu kwa Kamati kwa kunipa heshima hii. Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka niseme juu ya jambo lolote la manufaa nililojifunza tangu nilipoondoka shuleni. Wenzangu waliosimama hapa miaka iliyopita wamesema juu ya mabenki, juu ya sheria na juu ya utabibu. Mimi nilikuwa bwana shamba, na tangu nilipostaafu mwaka 2018 kazi yangu kubwa ni kulala kifudifudi chini ya mikorosho nikipiga picha wadudu. Naona wengine mmeanza kucheka. Chekeni tu. Watoto wa Matambarale walicheka, na mke wangu aliwatangulia.

Kwa wale wasiopafahamu, Matambarale ndiko nyumbani kwetu. Tulipokuwa hapa shuleni kati ya 1975 na 1978, sisi wa kule tulijiandikisha kuwa watu wa Nachingwea, maana Ruangwa ilikuwa bado haijawa wilaya. Siku hizi sisi ni watu wa Ruangwa, ingawa hatukuhama hata hatua moja. Ni nchi ya mikorosho, ufuta, mbaazi na mtama. Na mazungumzo yangu ya leo ni juu ya wadudu wanaoishi humo kwa kuwinda wadudu wengine, na juu ya kosa nililolifanya kwa kutowatazama.

Vitabu vya jiografia tulivyosoma vilitufundisha majira manne ya Ulaya, na yale ya majani kupukutika watu huyaita vuli kwa Kiswahili. Lakini kwa watu wa pwani ya kaskazini vuli ni mvua ndogo za mwisho wa mwaka, na sisi wa kusini tuna msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Majira ninayoyasemea ni yale yanayofuata. Ni Mei na Juni, kusi likianza kuvuma, nyasi zikigeuka rangi, ufuta umekatwa na kusimamishwa mashambani ukauke, mbaazi zina maua ya manjano, na asubuhi kuna baridi ya kumfanya mzee ajifunike shuka mbili. Huo ndio mwanzo wa kipupwe.

Kwa mpiga picha wa wadudu hakuna wakati bora kuliko huo. Wadudu walioanguliwa mwanzo wa mvua wamekwisha kukomaa, na wawindaji ni wakubwa wa kuonekana kwa macho. Tena baridi yenyewe husaidia, kwa kuwa mdudu hungoja jua limpashe mwili ndipo achangamke. Ukifika shambani saa kumi na mbili na nusu, umande ungalipo, utamkuta ametulia kama mwanafunzi aliyejificha bwenini asiende mchakamchaka.

Nilianza kazi hii na kamera ya Kirusi aina ya Zenit, niliyoinunua kwa mwalimu mmoja mwaka 1983. Nilikuwa naichomoa lenzi, naigeuza nyuma mbele na kuishikilia kwa mkono. Lenzi ya kawaida ikigeuzwa hivyo hukuza vitu vidogo sana. Filamu ilikuwa ya picha 36, na kuisafisha ilibidi niitume Dar es Salaam kwa mtu anayesafiri. Wiki kadhaa baadaye zilirudi picha, na thelathini kati ya hizo ni ukungu mtupu. Siku hizi natumia simu ya mkononi niliyoibandika lenzi ndogo ya kukuza. Chombo kimebadilika, lakini sheria ni zile zile. Nenda polepole, ukiwa umeinama. Usimtupie mdudu kivuli chako. Egemeza mkono kwenye kijiti ili usitetemeke. Lenga macho yake, kwa sababu picha yenye macho yaliyofifia haina uhai hata kama miguu yote inaonekana. Na usimguse. Ukimgusa, unachopiga picha ni woga wake tu, nawe ulitaka kuiona kazi yake.

Naomba niwatambulishe baadhi ya wenyeji wangu.

Wa kwanza ni vunjajungu. Wazee husema ukimshika utavunja chungu, na kwa sababu hiyo watoto wengi humkimbia na wengine humpiga fimbo kabla hajawakaribia. Yeye husimama juu ya ua la mbaazi amekunja mikono yake miwili ya mbele kama mtu anayeomba dua, akingoja. Ukimsogelea hugeuza kichwa akutazame, na ndani ya jicho lake kuna nukta nyeusi inayokufuata kila uendako. Kumbe nukta ile haisogei. Ni sehemu ya jicho inayoelekea kwako tu, ambako mwanga huingia moja kwa moja usirudi. Usiku jicho lote hugeuka jeusi. Wengi wao wana sikio moja tu, tena liko kifuani, na kwalo humsikia popo anapokuja kuwinda gizani. Mwisho wa mvua jike hutaga mayai yake ndani ya povu analolibandika kwenye bua, povu likakauka na kuwa gumu, na humo watoto hungoja mpaka mvua zirudi. Basi tunapochoma nyasi zote hadi mpakani kwa ajili ya kusafisha shamba, tunawachoma askari wa msimu ujao wakiwa bado hawajazaliwa.

Wa pili ni kereng'ende. Huyu humshika mwindwa wake angani, na watafiti waliohesabu wamekuta kwamba hufanikiwa zaidi ya mara tisa kati ya kumi. Simba angefurahi kuwa na bahati hiyo. Wako wa rangi ya dhahabu wanaotujia kwa makundi wakati wa mvua. Mwaka 2009 mtaalamu mmoja aliyekuwa akiishi Maldivi, Charles Anderson, alieleza kwamba kereng'ende wa aina hiyo huvuka Bahari ya Hindi kutoka India mpaka Afrika ya Mashariki wakifuata pepo na mvua. Mdudu ambaye mtoto wetu humfunga uzi mkiani na kumrusha kama tiara, huenda wazazi wake waliianza safari ng'ambo ya bahari.

Wa tatu ni sungusungu, wale chungu weusi wakubwa waendao kwa safu kuvamia mchwa. Niliwapiga picha wakirudi vitani, kila mmoja amebeba mchwa mdomoni. Lakini mmoja nilimwona amembeba mwenzake, nikadhani kwamba amebeba maiti. Baadaye nikasoma kuwa mwaka 2017 watafiti waliofanya kazi Ivory Coast walitangaza kwamba chungu hao huwabeba majeruhi wao kuwarudisha nyumbani, na wengi wa majeruhi hupona na kwenda vitani tena. Picha nilikuwa nayo, lakini maana yake sikuijua.

Ndugu Mwenyekiti, sasa nafika kwa yule aliyenileta mbele yenu. Ni yule chungu mwekundu wa mitini tunayemwita maji moto. Nyote mnamjua. Hana mwiba, lakini huuma, kisha hurashia tindikali pale pale alipouma, na jina lake limetoka hapo. Hujenga viota kwa majani mabichi. Wafanyakazi hushikana viuno kwa mnyororo, huvuta jani moja hadi likutane na la pili, halafu wengine huleta buu la nyumbani kwao na kulipitisha huku na huko kama kitana cha mfumaji, na buu hutoa uzi wa hariri unaoshona majani hayo. Kundi moja laweza kuwa na viota vingi katika miti kadhaa, na miti hiyo yote wanailinda.

Mwaka 1984 nilikuwa bwana shamba kijana, nina cheti, nina baiskeli, na nina maneno mengi. Mwezi wa Juni nilikwenda nyumbani kwa likizo. Shamba la baba lilikuwa limejaa maji moto, na vijana waliokuja kupogoa matawi walikuwa wameumwa hata wakakataa kupanda. Nikamwambia baba kwamba wadudu wale ni uchafu wa shamba, lazima waondolewe. Baba akasema, "Mwanangu, hawa nimewakuta tangu kwa babu yako. Wanakaa na miti." Nikamjibu kwa maneno ya darasani, kwa sauti ya mtu aliyesoma. Akanyamaza kidogo, akasema, "Basi. Wewe ndiye uliyesoma."

Tulifunga mienge ya nyasi kavu kwenye miti mirefu, na kwa jioni mbili tukavichoma viota vyote.

Misimu iliyofuata machipukizi ya mikorosho yetu yalianza kuwa meusi kwenye ncha, kana kwamba moto umepita. Ilikuwa kazi ya mbu wa mikorosho. Huyu si mbu, ila amefanana naye kwa wembamba na miguu mirefu. Mtamjua kwa kijiti kidogo kama pini kilichosimama mgongoni. Hufyonza utomvu wa majani machanga na maua, na palipochomwa hukauka. Yuko na mwenziwe wa rangi ya kahawia, aitwaye mbu wa minazi, ambaye hufyonza korosho changa zikabaki na madoa yaliyobonyea. Wote wawili ni chakula cha maji moto.

Sitaki kuwadanganya. Miaka ile korosho ziliporomoka nchi nzima. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani zipatazo 145,000, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 tulikuwa chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa nyingi. Watu walikuwa wamehamia vijijini na mashamba yakabaki mbali, bei haikumpa mkulima moyo, na ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeingia. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba ni mimi niliyeliua shamba la baba. Lakini siwezi pia kusema kwamba sikulidhuru. Baba alifariki mwaka 1993. Hakunitajia jambo lile hata siku moja, wala mimi sikumtajia.

Na cha kusikitisha ni kwamba elimu ilikuwapo, tena hapa hapa kwetu. Mapema katika miaka ya 1950 Mwingereza mmoja, M. J. Way, aliwachunguza maji moto katika minazi ya Zanzibar, akaonyesha kwamba minazi wanayoishi inasalimika na yule mdudu wa kahawia anayeangusha nazi changa. Hata jina la kitaalamu la mdudu yule lina jina la Way ndani yake. Na Wachina walikuwa wakiwaweka chungu wa jamii hiyo katika michungwa yao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mimi sikuwa nimesoma hayo. Lakini baba naye hakuwa ameyasoma, na bado alijua, kwa sababu alikuwa ametazama.

Mwaka 2019 kijana wangu alizichukua filamu zangu za zamani akaziingiza katika kompyuta. Miongoni mwake kulikuwa na picha ya baba. Juu ya bahasha nilikuwa nimeandika "Juni 1984". Naikumbuka siku ile. Ilikuwa imebaki picha moja katika filamu, nami nikiitunza kwa ajili ya vunjajungu. Baba akapita na kofia yake, akaniuliza, "Mimi hunipigi?" Nikampiga upesi upesi ili nimalize. Kijana wangu alipoikuza kwenye kioo, niliona nyuma ya bega la baba mkorosho wenye viota. Nilihesabu saba. Na katika tawi lote lile hapakuwa na ncha hata moja nyeusi. Nilikuwa mpiga picha, nilikuwa na cheti, na ushahidi wote ulikuwa mbele ya lenzi yangu, siku chache tu kabla ya mienge. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Mimi niliambiwa, na bado sikutazama.

Shamba lile sasa linatunzwa na mpwa wangu, mtoto wa dada yangu. Nilipostaafu na kurudi nyumbani nikamkuta anakusanya fedha za kununua dawa ya kuua wadudu ili apulizie shamba zima. Maji moto walikuwa wamerudi wenyewe katika miti michache upande wa mashariki, naye alitaka kuanza na hao. Nikamsihi awaache. Akaniambia, "Mjomba, shikamoo yako iko pale pale, lakini mimi nina watoto wa kulisha. Mdudu ni mdudu." Ndugu zangu, yalikuwa maneno yangu mwenyewe ya mwaka 1984, yananirudia kutoka kinywani mwa mwanangu. Tulibishana hadi dada yangu akatuita mezani kama watoto.

Mwisho alinipa miti kumi na miwili kwa msimu mmoja. Nilifunga kamba za katani kutoka mti hadi mti ili maji moto wapite juu bila kushuka chini, maana chini kuna chungu wadogo wa kahawia ambao ni adui zao wakubwa. Kisha nikakaa. Kila asubuhi na kila jioni, tangu Juni hadi Agosti, nilikuwa chini ya miti ile na simu yangu. Asubuhi moja ya Julai niliipata picha niliyokuwa naingoja. Mbu wa mikorosho amenaswa juu ya chipukizi, maji moto sita wamemvuta kila mmoja kwa upande wake, miguu yake imetanuka kama ngozi inayowambwa ngomani.

Sikumhubiria mpwa wangu. Nilimpa simu tu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, akaitazama muda mrefu. Halafu akauliza, "Mjomba, huyu si ndiye anayetuchomea maua?" Nikamwambia ndiye. Akanirudishia simu, akaenda kuutazama mti wenyewe, akakaa huko mpaka jua likawa kali.

Hakukuwa na muujiza. Miti mitatu kati ya ile kumi na miwili iliingiliwa na wale chungu wa chini, na maji moto wakatoweka humo. Ubwiri unga ni ugonjwa wa kuvu. Maji moto hawauponyi, na mpwa wangu bado hupulizia salfa kwa ajili yake. Wakati wa kupogoa bado wanauma, ingawa wakati wa mavuno taabu hupungua, kwa sababu korosho haichumwi mtini bali huokotwa chini. Lakini ile miti tisa iliyobaki na walinzi wake ilichipua kijani hadi ncha. Siku hizi mpwa wangu hapulizii dawa ya wadudu mti wowote kabla ya kuukagua ana nani juu yake. Na kama jambo hili linahitaji uzito kuliko maneno ya mzee mmoja, watafiti wa Naliendele kule Mtwara nao wamewachunguza maji moto katika mikorosho. Waulizeni.

Vijana wetu, mmesoma juu ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioletwa kwetu Nachingwea na kwingineko mwaka 1947, ukaachwa 1951. Walikuja na matrekta na fedha nyingi, wakaanza kazi kabla ya kuujua vema udongo na mvua. Sisi huwacheka. Lakini mimi na mienge yangu nilikuwa mradi mdogo wa namna ile ile, ndani ya shamba la baba yangu mwenyewe. Basi nawaombeni jambo moja tu. Kabla hujaua, tazama. Kabla hujamjibu mzee, muulize amejuaje.

Nimeleta picha ishirini, mtazikuta zimebandikwa ukutani bwaloni. Ya mwanzo ni ile ya baba. Msiangalie kofia yake tu, angalieni nyuma ya bega. Na ile Zenit, ambayo bado inafanya kazi ukiipata filamu, namkabidhi leo Mwalimu Mkuu iwe mali ya wanafunzi wa Baiolojia wa shule hii. Lenzi yake inageuzika.